Diski Ngumu, Diski Kuu au Diski ya Sahani?

Kitu kikiitwa kigumu kwa Kiswahili, mtu hukishika bila hofu. Mti mgumu hauogopi mchwa, na mtu mgumu hababaishwi na dhiki. Maana nyingine ya neno hilo ni kukosa wepesi: mtihani mgumu, swali gumu, maisha magumu. Kati ya maana hizo mbili hakuna hata moja inayokifaa kile kisanduku chembamba kilichokuwamo ndani ya kamera nyingi za video za nyumbani katika muongo wa 2000, ambacho Kiingereza hukiita hard disk na ambacho watafsiri wengi wamekigeuza kuwa "diski ngumu". Kutumika kwake si kugumu, na kuharibika kwake ni kwepesi mno. Hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kamera, na jina lake linamtuliza mtumiaji pale pale anapohitaji kutahadharishwa. Nashikilia kwamba istilahi ya kifaa itokane na kile ambacho mtumiaji anapaswa kukijua ili asikiharibu, wala isitokane na upinzani wa maneno uliokuwa na maana katika lugha kilikozaliwa.

Kifaa chenyewe kilikuja kwa sababu nzuri. Kabla yake, kamera ndogo ya kidijitali ya nyumbani ilirekodi kwenye kanda ndogo iliyodumu dakika 60 kwa kasi ya kawaida. Baada ya hapo ulipaswa kusimama, kuitoa na kuweka nyingine. Mwaka 2004 kampuni ya JVC ilileta kamera zake za Everio zenye diski ndogo ya kuchomoa ya GB 4, na mwaka 2005 zikafuata zenye diski ya ndani ya GB 20 na GB 30. Sony ikaingia mwaka 2006 na kamera yake ya DCR-SR100 yenye GB 30. Hesabu yake ni rahisi: kwa ubora wa juu wa wakati ule, yaani biti milioni tisa hivi kwa sekunde, GB 30 zinabeba zaidi ya saa saba za video. Fikiria maana ya saa saba kwa mtu wa Bariadi. Huku Usukumani, nchi ya Ntuzu ikiwamo, mashindano ya ngoma baina ya vyama vya Bagika na Bagalu baada ya mavuno hayaishi kwa saa moja. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake na dawa zake, na mshindi ni yule aliyeuvuta umati mkubwa zaidi. Umati huhama, hurudi, huhama tena. Mwenye kanda ya dakika 60 atakuwa ameinama akibadilisha kanda wakati umati unahama, na kuhama huko ndiko kiini cha shindano. Ndivyo ilivyo pia kwa harusi, kwa mahubiri ya mkutano wa hadhara, na kwa maonyesho ya Nanenane ambayo kitaifa yalifanyika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020. Kamera isiyodai kanda mpya kila saa ilikuwa neema ya kweli kwa aliye mbali na maduka makubwa.

Sasa neno. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kuhifadhi taarifa iliyoitwa RAMAC, yenye sahani 50 za metali, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61 hivi, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni tano. Hakuna aliyeona haja ya kuziita sahani hizo ngumu, kwa sababu hapakuwa na sahani laini za kuzitofautisha nazo. Sifa hiyo ilihitajika pale IBM hiyo hiyo ilipoanza kuuza, mwaka 1971, diski nyingine ya plastiki nyepesi iliyopinda ukiishika, ile tuliyokuja kuifahamu kama flopi. Kiingereza kikajikuta na diski mbili, inayopinda na isiyopinda, na neno la ugumu likawekwa kuzitenga. Halikuwa na maana zaidi ya hiyo. Halikusema kwamba diski ile inavumilia kuangushwa, wala kwamba imeundwa kwa ajili ya kazi za sulubu. Lilisema tu: si ile inayolegea. Kwa Kiswahili wapo walioiita flopi "diski tepetevu", na kwa kuwa jozi ilishakuwapo, "ngumu" ikaonekana kukamilisha upande wa pili. Lakini flopi imekufa. Kijana anayeanza kutumia kompyuta leo hajawahi kuishika, na neno lililozaliwa ili kuipinga limebaki likining'inia, likisubiri msomaji alijaze maana anayoijua. Msomaji wa Kiswahili hulijaza maana ya uimara.

Uimara huo haupo. Ndani ya kisanduku kile mna sahani moja au mbili, na katika diski ndogo kama zile za kamera sahani hizo mara nyingi si za metali tena bali za kioo kilichopakwa utando mwembamba wa sumaku. Kwa diski nyingi za kipimo hicho, sahani huzunguka mara 4,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, ambacho mafundi waliozoea deki wanakiita hedi, na kati ya kichwa na sahani kuna nafasi ya nanomita kumi hivi. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 70,000. Kinachokishikilia kichwa kisiiguse sahani ni hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, basi. Kamera ikigongwa wakati inarekodi, kichwa kinaweza kuigusa sahani, na pale kinapogusa utando wa sumaku hukwanguka pamoja na kile kilichoandikwa juu yake. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka kihisi cha kuanguka: kamera ikianza kuporomoka, kihisi hukivuta kichwa pembeni kabla haijafika chini. Kutoka kimo cha mita moja kuna muda wa karibu nusu sekunde, nao unatosha. Lakini kihisi hicho kimetengenezwa kutambua kuanguka, na kugongwa si kuanguka. Kiwiko cha mtu katika umati unaokimbilia upande wa Bagalu hakitoi nusu sekunde. Tena kamera inayotikiswa sana, kwa mfano mikononi mwa mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda akiufuata msafara wa bwana harusi, inaweza kudhani inaanguka na kusimamisha kurekodi yenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wachache hulitarajia, nalo ni sauti. Mwishoni mwa mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, aliyekuwa akifanya kazi Sun Microsystems, alionyesha katika video iliyotazamwa na wengi kwamba akizipigia kelele diski za seva kwa karibu, kasi yake ya kuandika huzorota, na mzoroto huo huonekana kwenye grafu papo hapo. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na mtikisiko ukikifikia kichwa kinachoelea kwa nanomita kumi, kichwa hupotea njia na kulazimika kurudia kuandika. Vitabu vya maelekezo vya baadhi ya kamera za diski viliwaonya wanunuzi waziwazi kwamba penye muziki wa sauti kubwa kurekodi kunaweza kukatika, na kwamba hapo ni heri watumie kadi. Spika za harusi zilizopangwa ukutani, au ngoma kubwa zinazopigwa hatua mbili kutoka alipo mpiga video, ni mahali pa namna hiyo hasa. Anayeamini kwamba ana diski "ngumu" hana sababu ya kujisogeza nyuma. Akikuta video imekatika katikati ya shindano atalaumu betri, au atamlaumu aliyemuuzia kamera.

Haki inataka niseme pia pale ambapo hofu si ya lazima. Vumbi la kiangazi la huku mkoani Simiyu, ambalo kila mwenye kifaa cha umeme hulilalamikia, halina njia nyepesi ya kuifikia sahani, maana kisanduku kimefungwa na tundu lake la kupumulia lina chujio. Vumbi litasumbua lenzi na vitufe kabla ya kuisumbua diski. Na mwinuko wa nchi hauna neno. Diski inahitaji hewa yenye uzito wa kutosha ili kichwa kielee, kwa hiyo watengenezaji wengi wa diski huweka kikomo cha mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Bariadi iko chini sana ya hapo, ingawa anayepanda Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895, angekivuka kikomo hicho mapema. Nayataja haya kwa sababu yanathibitisha hoja yenyewe: mtumiaji akijua kwamba ndani mna sahani inayozunguka na kichwa kinachoelea juu ya hewa, anaweza kukisia mwenyewe ni kipi cha kuogopa na kipi cha kupuuza. Neno "ngumu" halimpi hata chembe ya ujuzi huo.

Wengi watajibu kwamba tatizo hili lilishatatuliwa, kwa kuwa tunayo "diski kuu". Ni kweli kwamba jina hilo limeenea, na kwamba ni bora kuliko "diski ngumu". Liliiva katika miaka ambayo Kiswahili kilikuwa kinaingizwa kwenye programu za kompyuta, kipindi cha juhudi kama mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kwenye kompyuta ya meza ya siku zile, jina lilikuwa sahihi kabisa: palikuwa na diski moja kubwa ndani, na nyingine zote zilikuwa za kuchomeka na kuchomoa. Lakini angalia neno "kuu" linavyofanya kazi katika Kiswahili. Barabara kuu, katibu mkuu, mlango mkuu: yote ni majina ya nafasi na wadhifa. Mlango mkuu unaweza kuwa wa mbao au wa chuma. Vivyo hivyo, "diski kuu" inaeleza nafasi ya kifaa katika mashine bila kueleza aina yake. Mpiga video anayenunua "hadi diski" ya nje, ile wanayoiita eksteno, ili kuhifadhia nakala, je, amenunua diski kuu? Kwake hiyo ni ya akiba, ilhali kwa umbo na udhaifu ni ndugu pacha wa ile iliyo ndani ya kamera. Na laptopu mpya ambayo hifadhi yake haina sahani wala mzunguko, tunaambiwa ina diski kuu vilevile. Jina moja limebebeshwa vitu viwili vinavyotaka kutunzwa kwa namna mbili tofauti.

Hapo ndipo "diski ngumu" inapopata pigo ambalo haitapona. Hifadhi hii mpya isiyozunguka, Kiingereza kimeipa jina linalotokana na fizikia ya hali mango. Vitabu vyetu vya fizikia vinalitumia neno "mango" kwa maada isiyo kimiminika wala gesi, na mtafsiri mwaminifu atasema "diski mango". Sasa mweke mnunuzi mbele ya bidhaa mbili dukani, moja imeandikwa diski ngumu na nyingine diski mango. Kwa masikio ya Kiswahili, kigumu na mango vinakaribiana mno. Wala hapatakuwa na njia ya kubaini kwamba ile "ngumu" ndiyo yenye kioo kinachozunguka na isiyopenda kugongwa, na ile "mango" ndiyo inayovumilia zaidi. Mwanaisimu wa Uganda, K. B. Kiingi, alivipanga vigezo tisa vya kupimia istilahi vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA, miongoni mwake usahihi, uangavu wa maana na kuafikiana na mfumo wa istilahi jirani. "Diski ngumu" inaanguka katika vyote vitatu.

Ninachopendekeza ni "diski ya sahani". Si neno la kubuni gizani. Watengenezaji wenyewe huziita zile duara za ndani kwa neno linalomaanisha sahani, na Kiswahili kilishalitumia neno hilo kwa chombo cha kuhifadhia sauti karibu miaka mia iliyopita. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, kilichorudi Zanzibar na kusambaa mwambao mzima kilikuwa sahani za santuri. Wasikilizaji wa wakati ule walijua bila kufundishwa kwamba sahani ya santuri huzunguka, kwamba kuna kitu juu yake kinachoisoma, na kwamba ukiikwaruza wimbo umeharibika. Ujuzi huo huo ndio anaouhitaji mwenye kamera. Tena jina hili linazaa. Wapiga video wetu huzitaja kamera kwa kile kinachopokea picha: kamera ya kanda, kamera ya kadi. "Kamera ya sahani" inajipanga katika mstari huo bila kusukumwa, na "diski ya sahani ya nje" haina mgongano unaoikumba "diski kuu ya nje". Ile isiyo na sahani ningeiita "hifadhi mango", maana diski haimo ndani yake hata moja. "Diski kuu" isitupwe. Ibaki na kazi yake halali, yaani kuitaja ile hifadhi ambayo mashine inaitegemea kuwakia, ya aina yoyote ile.

Zipo pingamizi tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza inasema kwamba sahani ni chombo cha kulia, na watu watacheka. Watacheka kwa wiki moja. Kipanya kilikuwa mnyama wa ghalani kabla hakijawa kifaa cha mezani, na leo hakuna anayecheka. Ya pili ina uzito zaidi: kwamba DVD nayo ni sahani, na kulikuwa na kamera zilizorekodi moja kwa moja kwenye DVD ndogo za sentimita nane, hivyo "kamera ya sahani" inaweza kuchanganya. Nakiri kwamba kwa mtu anayesikia jina hilo kwa mara ya kwanza utata huo upo. Lakini katika matumizi, Watanzania hawajawahi kuiita DVD sahani; wameiita dividii au sidii, kibandani, dukani na nyumbani, na jina hilo halina dalili ya kuondoka. Nafasi ya "sahani" iko wazi.

Pingamizi la tatu ndilo la mtaani: kwa nini tusiache watu waseme "hadi diski" kama wanavyosema? Mkopo hauna aibu. "Kompyuta" ni mkopo na imeishinda "tarakilishi" Tanzania, ingawa Kenya tarakilishi ina nguvu. Na nakubali kwamba kati ya mkopo usioeleza kitu na tafsiri inayodanganya, mkopo ni salama zaidi. Kama hakungekuwa na chaguo jingine ningechagua "hadi diski" kuliko "diski ngumu" bila kusita. Ila mkopo huu una kasoro yake katika maandishi. "Hadi" ni neno letu, tena la kila siku. Andika "nakili video hadi diski ya nje" na msomaji ana haki ya kuelewa kwamba video zinatoka mahali fulani mpaka kufika kwenye diski ya nje, au kwamba diski yenyewe inaitwa hadi diski. Katika mazungumzo lafudhi huokoa. Katika kitabu cha maelekezo hakuna lafudhi, na hapo ndipo istilahi zinapopimwa.

Yupo pia atakayesema kwamba mjadala huu umechelewa, maana mwanzoni mwa muongo wa 2010 watengenezaji walihamia kwenye kadi, na leo harusi ya Bariadi inarekodiwa kwa simu. Kamera zimepita, lakini diski za sahani hazijapita. Zimo katika mashine za kurekodia kamera za ulinzi madukani na ofisini. Zimo katika eksteno za kila studio ya video, ambako kazi za miaka kadhaa hulundikwa katika kisanduku kimoja kinachobebwa kwenye begi pamoja na chaja na kupitishwa mkono kwa mkono. Na zimo katika kamera zile zile za zamani zilizowekwa kabatini, ambazo diski yake ilifungiwa ndani na haikuwahi kuchomolewa. Mtu aliyerekodi harusi ya wazazi wake au shindano la ngoma la mwaka 2008, asipozinakili mahali pengine, bado ana nakala moja tu ya kumbukumbu hizo, kwenye kioo kinachozeeka. Akiwa anaamini kwamba diski ni ngumu, haoni haraka ya kufanya lolote.

Kwa hiyo ombi langu lina pande mbili. Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ambao ndio wenye dhamana ya kusanifu na kusambaza istilahi: toeni "diski ngumu" katika orodha zitakazochapishwa upya, bakizeni "diski kuu" kwa maana ya wadhifa, na muipokee au muipinge kwa hoja "diski ya sahani". Kwa mwenye kamera ya aina hiyo, awe Bariadi mjini, Itilima au Maswa: itoe kabatini wiki hii, ichomeke kwenye umeme kwanza isije ikazimika katikati ya kazi, iweke mezani isitikisike, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB na unakili kila faili iliyomo. Faili zenye kimalizio cha MOD, zinazopatikana kwenye Everio nyingi, hufunguka kwa programu ya bure ya VLC. Weka nakala mbili, katika vifaa viwili tofauti, na kimoja kisikae nyumba moja na kamera.